Risala ya Kamati ya Maliasili ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Ngitili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, walinzi wetu wa jadi Sungusungu, wakulima na wafugaji,

Karibu sana kijijini. Utatuwia radhi, hatukukuandalia mche wa kupanda. Agosti hii ardhi ni kavu, mche ungekufa kabla vumbi la gari lako halijatua. Tena ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa ili lipumzike, haidai miche. Mkoa huu wa Shinyanga ulifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupisha pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuviacha visiki hai vichipue ndani ya maeneo yaliyofungwa kwa desturi ya Wasukuma.

Ngitili hufungwa mvua za kwanza zinapoanguka, Novemba au Desemba, na hufunguliwa mabua mashambani yakishakwisha. Hufunguliwa kipande kwa kipande. Maksai, ndama na mifugo dhaifu hutangulia, na nyasi zikibaki urefu wa kiganja mifugo huhamishwa, ili mvua isikute udongo uchi. Anayeingiza mbuzi Machi anakula mara mbili: nyasi ambazo hazijadondosha mbegu, na machipukizi ya miti.

Kisiki kimoja cha mgunga hutoa machipukizi mengi. Yakiachwa yote yanabaki kichaka. Tunachagua 2 au 3 yaliyonyooka, mengine tunaondoa, kisha tunapogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Panga liwe kali, na mkato uanzie chini ya tawi. Ukianza juu, tawi huanguka na gome la shina, na mchwa hupata mlango.

Njia ya kuzuia moto husafishwa Mei na Juni. Nyasi zikiwa za kiunoni, njia ya hatua tatu ni mapambo tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo yote tunayamudu. Kinachotushinda ni karatasi. Sheria ndogo huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila hatua hiyo ya tatu, faini haisimami mahakamani. Ndipo watu hurudia njia ya mkato: mkosaji anatozwa ng'ombe, ng'ombe huyo anachinjwa, analiwa, na nyama haina stakabadhi. Mwaka unaofuata mkosaji yuleyule anarudi na mifugo yake, naye hana la kuogopa.

Mpaka nao ni hivyohivyo. Ukipimwa bila wazee wa kijiji jirani kuutembea kwa miguu na kusaini muhtasari, vigingi hung'olewa, na mchungaji wa upande wa pili atasema, kwa haki, kwamba hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo tunaomba: sheria zetu ndogo ziingizwe katika kikao kijacho cha madiwani, afisa misitu awepo siku ya kupiga mkuza, yaani kufyeka mstari wa mpaka, pamoja na majirani zetu, na lambo la kunyweshea mifugo linalopangwa lichimbwe nje ya ngitili, maana likiwa ndani, kwato zitamaliza nyasi kabla ya midomo.

Sasa tunakuomba ufungue kipande cha mashariki. Viwili vilivyobaki visubiri zamu yake, hata wenye ng'ombe wengi wakikunong'oneza vinginevyo.

Tunaomba kuwasilisha.