Mkanda wa kiuno haupunguzi kilo

Bwana Mhariri,

Siku hizi kwenye madepo ya simenti hapa Bukavu, tajiri anayetaka kuonyesha kwamba anawajali wapakuaji wake huwanunulia mikanda ya kiuno. Tunaomba nafasi kidogo tueleze kwa nini pesa hiyo ingefaa zaidi ikinunua paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kupangia mifuko.

Mwaka 1994 taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipitia ushahidi uliokuwapo ikakataa kuipendekeza mikanda hiyo kwa mtu mwenye mgongo mzima. Utafiti wake uliotoka mwaka 2000, kwa wafanyakazi wa maduka zaidi ya 9,000, nao haukuona faida. Si ajabu: mkanda hausogezi mzigo karibu na mwili hata sentimita moja.

Mtazame mpakuaji anayeokota mfuko wa kilo 50 uliotupwa chini. Mikono iko sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu, na sentimita 15 tu kutoka sakafuni. Anauinua hadi kifuani huku akigeuza kiuno nyuzi 45, mfuko mmoja kila dakika, kwa saa moja na nusu. Fomula ya NIOSH ya kukadiria uzito unaofaa kuinuliwa huanzia kilo 23 katika hali nzuri kabisa, kisha hukata kwa kila kasoro: umbali, kimo, kujipinda, kasi, mfuko usio na pa kushika. Kwake zinabaki kama kilo 7. Na fomula hiyo hupima kuinua tu. Kutembea na mfuko shingoni kwenye mteremko wenye matope haimo.

Kwa hiyo tuanze na kamyo. Irudi kinyumenyume hadi mlangoni pa depo ili mifuko isishushwe chini na kuokotwa upya, maana huko kuokota mara ya pili ndiko kunakowamaliza watu. Kamyo isipofika, pangeni paleti tupu tano: kila moja ina kimo cha sentimita 15 hivi, jumla 75, na hicho ndicho kimo ambacho fomula haikikati kitu. Mfuko ukiwa hapo, mtu auvute kwanza hadi sentimita 30 kutoka mwilini, ageuke kwa miguu si kwa kiuno, na zile kilo 7 zinakuwa 14. Bado ni mbali na 50, ndiyo maana tunasema mfuko mmoja, watu wawili. Hapo matajiri hucheka, na wapakuaji nao hucheka: mtu analipwa kwa mfuko, agawane na nani? Basi kikundi kilipwe kwa kamyo nzima. Bila hilo, mafunzo ya namna ya kuinua hayamalizi hata wiki.

(Akina mama wanaobeba magunia kwa kamba ya kichwani hawamo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote, wala hawana daktari wa kazi. Hao wanastahili barua yao.)

Kwa wenzetu wa zahanati za kampuni: sindano ya diklofenaki asubuhi, na mchana mtu yuko tena chini ya mfuko, hiyo si tiba. Maumivu yamefichwa, mzigo ni uleule. Muulizeni kama amekufa ganzi katikati ya mapaja, kama mkojo umeziba, kama mguu unalegea. Likiwapo hata moja, aende hospitali siku hiyohiyo. Homa, kukonda na maumivu ya usiku vitufanye tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mguu ulionyooka ukiinuliwa, maumivu yakashuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawahitaji radiografi wala kulazwa kitandani. Kulala siku nyingi huwachelewesha kupona.

Na cheti kisiandikwe tu "apumzike siku 3". Kiandikwe kitu ambacho msimamizi wa depo anaweza kukitekeleza: "Kwa wiki 2 asiinue zaidi ya kilo 10, asiokote kitu chini ya goti, ahesabu mifuko au ashone iliyopasuka, arudi kuonwa kabla ya kushika tena mfuko mzima."

Wahudumu wa afya kazini,
Bukavu