Wifi, siku hizi mafuta napima kwa kijiko

Wifi yangu,

Kaka ameniambia umeuliza kama kweli siku hizi napika. Umemuuliza yeye, kwa kuwa tangu ile harusi mimi na wewe tunasalimiana kupitia kwake, na maskini kaka hajui kubeba maneno, akifika kwangu nusu yake ameshayamwaga njiani. Ndiyo, napika. Simu zangu hupokei, ila hapa najua unasoma, mwanao wa pili keshanitobolea. Utasema mbona mambo yenyewe nayaanika hadharani. Yangu nayaanika mimi.

Wewe unanijua mimi yule wa zamani, wa chipsi mayai, wa mishikaki ya kona, wa kuagiza chapati kwa mama wa nyumba ya chini. Enzi zile tunakaa wote Ngamiani, Tanga, nikisogea jikoni unaninyang'anya mwiko: "Wifi kapumzike, umetoka kazini." Nami napumzika, sahani inanifuata sebuleni imefurika. Nilikupenda kwa hilo. Bado nakupenda, ndiyo maana naudhika.

Basi mtaalamu wa lishe alinipa sharti kabla hata hatujazungumza tarehe ya kupunguzwa tumbo kwa upasuaji: nijifunze kupika mwenyewe. Baada ya upasuaji kila tonge lina hesabu, na mama wa chini hawezi kunihesabia. Nikamwambia kwetu tunaamini chakula cha nyumbani hakinenepeshi, maneno yako hayo. Akaniuliza kinapikwaje. Wifi, wali wako una kasimile, lile tui zito, ya nazi mbili, maharage yana nyingine, na mafuta unamimina mpaka vitunguu vielee. Kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Wewe hujawahi kupima kijiko maishani mwako.

Sasa sikiliza. Naenda soko la samaki la Feri asubuhi, nanunua vibua au changu nikijaliwa. Nawapaka mtindi usio na sukari, ndimu, thomu, tangawizi, bizari kidogo na pilipili mbichi, nawaacha walale humo, kisha juu ya mkaa. Hakuna tui. Ukiwageuza mapema wanashika wavuni na ngozi inabaki huko, kwa hiyo subira. Vitunguu navikaanga kwa kijiko kimoja, vikitaka kushika nanyunyizia maji. Mchicha, bamia, choroko, kunde. Nikikaa mezani naanza na samaki au mayai, mboga baadaye, wanga mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Natafuna mpaka kitu kiwe uji ndipo nimeze. Maji siyachanganyi na chakula, nasubiri nusu saa. Soda nimeiaga. Haya yote nayafanyia mazoezi sasa, kwa sababu baadaye hayatakuwa hiari.

Na bado wiki mbili za mwisho kabla ya kisu, hizo ni kali zaidi. Ini la mtu mnene mara nyingi hujaa mafuta likavimba, na ini ndilo linalolalia tumbo. Daktari akiingiza vyombo vyake kwa vile vitundu vidogo, inabidi alinyanyue kwanza ndipo afike anakotaka. Ukipunguza wanga na mafuta, linanywea. Yaani hata kukatwa kwenyewe kunaanzia sufuriani.

Lakini kile kisahani cha siku ya harusi, Wifi.

Tumekaa uani na kina mama, tumemenya thomu tangu usiku, mikono inanuka, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Masinia ya biriani yakaanza kutoka. Nikasogea kwenye sinia la shangazi. Ukaja na kile kisahani cha plastiki cha watoto, kachumbari na kipande cha nyama, ukanishikisha, ukapaza sauti: "Wifi msimpakulie jamani, anakwenda kukatwa tumbo!" Nilikuwa nimekwambia wewe peke yako. Kwa simu, usiku, ukaniapia. Bibi mmoja akauliza, "Kizazi?" Ungeweza kumjibu. Ulishageukia masufuria. Kufika alasiri mtaa mzima wajua natolewa kizazi, na yule mama wa Barabara ya Nane ananishika mikono yote miwili, ananiambia Mungu ndiye mpangaji.

Mtaalamu wa lishe naye aliniambia nitafute sahani ndogo. Yeye aliniambia tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Na jioni nikakusikia kwa masikio yangu: "Uvivu tu, si apunguze kula." Uvivu! Karibu asilimia 80 ya tumbo inaondolewa, linabaki jembamba kama ndizi, na sehemu inayoondoka ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa. Njaa iliyokuwa ikiniamsha saa nane usiku, ambayo wewe uliiita tamaa. Vitamini nitameza maisha yangu yote. Mwongozo wa taasisi za afya za Marekani (NIH) wa 1991 ulitaka BMI, yaani uzito ukipimwa kwa urefu wako, ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari na presha. Ule wa wapasuaji wa 2022 umelegeza zaidi. Mimi hata kwa ule wa zamani napita, na maradhi yote mawili ninayo. Mvivu angebaki kwenye chipsi.

Nawe kapime sukari. Nasema kwa mapenzi. Unaamka usiku kwenda chooni, unamaliza jagi la maji, nyayo zinawaka moto. Mama alianzia hapohapo. Kile kidonda cha mguu wake ulikiosha wewe kila asubuhi, mimi sikuwepo, na fadhila hiyo haisahauliki. Lakini dawa zilitoka wapi? Nilikuwa Dar natafuta hela, nakula barabarani kwa sababu narudi nyumbani saa nne usiku, na wa kunipikia hayupo. Hata huu mwili tusiupige hesabu ya upande mmoja. Ukipunguza tui hutapungukiwa heshima. Nazi moja inatosha watu sita.

Kaka ndiye atakayenisindikiza hospitali. Nilimwambia akuulize kama utakuja, sijui alifikisha nini, kwa hiyo nakwambia mwenyewe: njoo. Mwanzo nitakuwa wa vitu vya majimaji tu, halafu vya kusaga, wiki kadhaa kabla sijarudia kutafuna. Supu ya kuku kama yako mimi bado sijaiweza. Utaitoa ngozi yote, utaichuja, utayaengua mafuta juu, nami nitakuwa nakuangalia. Na wakikuuliza stendi unakwenda Dar kufanya nini, waambie unakwenda kumsalimia wifi yako, uishie hapo.