Ukija Kisumu kwa siku moja, ziwa lipewe asubuhi

Wageni wengi wanaotupigia simu tuwapangie safari huwa na orodha tayari: makumbusho, mawe ya Kit-Mikayi, hifadhi ya swala pala, samaki, halafu boti jioni jua likizama. Orodha yenyewe ni nzuri. Kinachoharibu siku ni mpangilio, hasa hiyo boti ya jioni.

Ziwa Victoria lina saa zake. Alfajiri na asubuhi hutulia. Jua likishapasha ardhi moto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi huinuka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua ya radi hupenda saa hizo hizo. Upepo huo pia husukuma magugu maji ndani ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu. Tuliwahi kupeleka familia moja ziwani saa kumi na moja jioni, magugu yakaziba njia nyuma yetu, na nahodha akahangaika zaidi ya saa moja kutafuta upenyo huku watoto wakilia. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hatuuzi safari ya boti ya jioni, hata mteja akiongeza pesa.

Kwa hiyo tunaanzia Dunga, ufukwe wa wavuvi, mara tu kunapopambazuka. Wavuvi wa omena waliokesha na taa zao wanarudi, akina mama wanangoja ufukweni na beseni, na kwenye mafunjo kuna ndege ambao hutawaona mjini. Vaa jaketi la kujiokolea kabla boti haijaondoka, hata kama unajua kuogelea. Kufikia saa mbili na nusu umeshashuka na unakunywa chai.

Baadaye ni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Wengi hukimbilia nyoka na mamba. Sisi tunakuomba ukae zaidi Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Hapo utaonyeshwa nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, kisha ya nyachira, wa pili, na ya reru, wa tatu. Utaona pia simba, nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Watoto huchungulia ndani wakitafuta mnyama.

Tunasisitiza boma hili kwa sababu ya safari ya mchana. Kit-Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana kama kilomita 30 kutoka mjini ukishika barabara ya Bondo, maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji husimulia habari za mzee aliyependa kukaa kwenye pango lake mchana kutwa, mkewe akimpelekea chakula huko. Watu wakimuuliza mume yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Aliyepitia Ber-gi-dala asubuhi huipata hadithi hiyo mara moja, na hata mawe huyatazama kwa jicho jingine. Vaa viatu visivyoteleza. Utakuta watu wakisali pale, kwa hiyo punguza sauti na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Katikati ya safari hizo mbili kuna mji wenyewe. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, na mahali pakaitwa Port Florence inavyosimuliwa mara nyingi, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Abiria wa kwenda Uganda walishuka kwenye treni wakapanda meli. Tunapita stesheni na bandarini kwa muda mfupi, kisha chakula: ngege mzima wa kukaanga, ugali na mboga za kienyeji. Agiza mapema, maana samaki mzima huchukua zaidi ya dakika kumi kuiva.

Ukirudi kutoka Kit-Mikayi kufikia saa kumi na moja, jua litakungoja Hippo Point, nawe ulitazame ukiwa umekaa ufukweni. Hifadhi ya swala pala iko njia hiyo hiyo ya Hippo Point. Ingia ukibaki na muda. Malipo ya kuingia ni kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, wala si noti mkononi, na beba kitambulisho ili utozwe kiasi cha Mkenya.

Wapo wanaouliza kama Thimlich Ohinga inaweza kuongezwa. Kuta zile za mawe, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, ziko Migori. Zipe siku yake.

Kama unatoka Nakuru au Eldoret asubuhi hiyo hiyo, utafika ziwa limeshaanza kuchafuka, nasi tutaondoa boti na kupunguza bei. Ndiyo maana swali letu la kwanza kwenye simu huwa ni hili: usiku wa kuamkia safari unalala wapi?