Ushindi wa 2008 haukuanzia Kogelo

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiishi Nakuru, na hata baada ya kuhamia Atlanta niliendelea kulisoma bila kuwaandikia neno. Taarifa yenu ya kumbukumbu ya ushindi wa Barack Obama imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alisimulia ngoma za Kogelo, kijiji cha ukoo wa babake Obama, akamsifu marehemu Mama Sarah, bibi yake wa kambo, akatukumbusha kwamba Rais Kibaki aliitangaza Novemba 6, 2008 kuwa sikukuu ya taifa, kisha akahitimisha kwamba siku ile Mkenya aliuzika ubaguzi wa rangi Marekani. Katika ukurasa mzima hakuhojiwa Mmarekani mweusi hata mmoja.

Ni kweli babake Obama aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii, na tuna haki ya kulifurahia hilo. Lakini mwaka 1961, mtoto huyo alipozaliwa Honolulu, watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti ya Dallas, Alabama, ulipo mji wa Selma, na karibu wote walikuwa wamezuiwa kujiandikisha kupiga kura. Februari 1965 polisi wa jimbo hilo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, mwandamanaji mweusi, naye akafa. Machi 7 waandamanaji waliodai haki ya kura walipigwa virungu kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, ambapo John Lewis, mmoja wa viongozi wao, alivunjwa fuvu. Agosti 6 Rais Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyokataza kuwazuia watu kupiga kura kwa sababu ya rangi. Bila sheria hiyo, Obama angepigiwa kura na nani?

Usiku ule wa Novemba 2008 nyumba yangu ilijaa Wakenya. Jirani yetu, bibi mweusi mzaliwa wa Alabama, alikuja na keki ya viazi vitamu na bahasha yenye risiti ya marehemu babake ya kodi ya kura, ile iliyotakiwa kulipwa kabla ya mtu kuruhusiwa kupiga kura: dola moja na senti hamsini, karatasi imegeuka manjano, mikunjo yake imeshikiliwa kwa utepe wa gundi. Babake alikuwa miongoni mwa weusi wachache waliokubaliwa kujiandikisha, na aliilipa kodi hiyo kutokana na mshahara wa kukata mbao. Bibi aliiweka risiti mezani ili binti yangu, aliyekuwa darasa la tano, aisome. Hapo mgeni mmoja, mtu mzima mwenye shahada mbili, akasema kwa Kiswahili kwamba hatimaye mtoto wetu amewafundisha hawa wavivu kazi, na wenzake wakacheka. Bibi naye akatabasamu kwa adabu, akidhani tunashangilia matokeo, ilhali binti yangu alielewa kila neno na akainamisha kichwa. Nilimwambia mgeni yule aombe radhi au aondoke. Aliondoka, na mpaka leo anawaeleza watu kwamba mimi nimejisahau. Mhariri, taarifa yenu imesema kwa lugha nzuri kile alichosema mtu yule kwa lugha mbaya.

Wala ubaguzi haukuzikwa. Mwaka 2013, katika kesi iliyofunguliwa na kaunti ya Shelby, Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiondolea sheria ya 1965 nguvu ya kuyalazimu majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadilisha taratibu za kura. Hapa Georgia, sheria ya 2021 ilipiga marufuku kuwagawia maji wapiga kura waliopanga foleni karibu na kituo. Binti yangu sasa ni mpiga kura, na kila uchaguzi namhimiza abebe maji yake.

Na kwa kuwa mnapenda kumbukumbu, kumbukeni pia kwamba mwaka huohuo wa 2008 ulianza sisi wenyewe tukiuana kwa sababu ya kura, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na wengine walifukuzwa makwao kwa sababu ya kabila. Miezi michache baadaye tulicheza ngoma kwa sababu Wamarekani walimchagua mtu bila kujali rangi yake. Jambo hilo pia halikutajwa.

Ombi langu ni hili. Kila mwanzoni mwa Machi watu hukusanyika Selma kulivuka tena daraja lile. Mtumeni mwandishi huko badala ya Kogelo, asimhoji mwanasiasa yeyote, bali amtafute mzee aliyewahi kukataliwa kujiandikisha, naye amweleze aliulizwa maswali gani. Majibu yachapishwe Novemba 4, tarehe ya uchaguzi ule wa 2008, ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya Jimmie Lee Jackson.

Mzazi,
Atlanta, Marekani