Barua ya wazi kwa walimu wa shule za bweni: mtoto akikueleza jambo zito

Wanangu walimu,

Chaki nimeiweka chini, lakini simu zenu hazikomi, na swali ni lile lile: mwanafunzi ameniambia jambo zito, nimwambie nani?

Mwambie mwenye kazi ya kufanya juu ya jambo hilo, tena kwa kiasi kinachomtosha. Binti anameza dawa kila usiku: matroni ajue saa ya dawa na zinapotunzwa. Mwalimu wa zamu aambiwe tu asimzuie kutoka prepo, yaani masomo ya kujisomea jioni. Mwalimu wa hesabu hana kazi hapo, asiambiwe kitu. Na ikiwa ni VVU, kumbukeni hapa kwetu Tanzania Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu huyo.

Linalonikera zaidi ni kundi la WhatsApp la walimu. Habari ya mtoto aliyebakwa inawekwa humo katikati ya ratiba ya mitihani na michango ya harusi, inapigwa skrinishoti, na jioni wazazi wa wenzake wanayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mtoto naye si mjinga. Akiona walimu wanavyomtazama siku ya pili, hasemi tena.

Ila siri isiwe pango la kujifichia. Wapo walimu, wengi wao wapole kweli, wanaoapa "sitamwambia mtu" kabla hata hawajasikia. Acheni. Mtoto akisema mjomba anamwingilia, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka uripoti. Nenda kwa mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Mtuhumiwa akiwa mkuu wa shule mwenyewe, mruke. Lakini kabla hujainuka kitini, mweleze mtoto nani atajua na kwa nini, na umuulize angependa nani awe naye.

Daftari la unasihi liandikwe maneno ya mtoto, si dhana zenu, na likae kabatini kwa kufuli. Mwalimu wa unasihi akihamishwa, amkabidhi anayempokea mkono kwa mkono. Kikao cha kufungua muhula kisiishe bila kuamua ufunguo wa kabati hilo anakaa nao nani.

Mwalimu wenu mstaafu