Barua ya wazi kwa walezi wa chekechea za Bonde la Ruvuma: mwacheni mtoto anywe uji

Wanangu walezi, na ninyi wanakamati wa viti vya mbele,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika, na hasira yangu imeanzia kwenye uji.

Majuzi nilialikwa kwenye chekechea moja huku kwetu mpakani mwa Mtwara inayosaidiwa na wafadhili. Kituo kizuri, sikatai. Bati jipya, choo cha watoto chenye mlango mfupi, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni pembeni. Wamo watoto wa kijiji, na wamo waliovuka mto na mama zao kukimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vile vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, wakapokelewa na shangazi na bibi zao upande huu. Na hao wa kijiji msidhani hawajui vita. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji cha huku huku Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba.

Uji wa mahindi na karanga uliiva saa tatu. Wageni hawajafika. Basi watoto wakapangwa mstari juani, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, wakaambiwa kwanza wimbo wa shukrani, uji baadaye. Saa nne ikapita. Magari yakaingia saa tano. Sufuria imeshashika utando juu, na kuna binti mdogo alikuwa amesinzia amesimama, kichwa kwenye bega la mwenzake.

Wimbo ukaimbwa, bango likafunguliwa, hotuba zikasomwa. Kisha akaitwa mtoto wa kiume, sidhani kama ametimiza miaka sita, jezi imemfika magotini. "Haya, waambie wageni ulichokiona kule." Akaanza kama anaghani ngonjera. Nyumba iliungua. Babu alibaki. Tulilala porini. Akafika mahali akanyamaza, akamtazama mlezi, mlezi akamwitikia kwa kichwa, naye akaendelea. Simu zikainuliwa, wageni wakafuta machozi.

Nawauliza, na mnijibu: nani alimfundisha mahali pa kunyamaza?

Najua jibu lenu, nimeshapewa na mwanakamati mmoja pale pale: "Bibi, bila hadithi unga hauji." Kumbe! Yaani tumefika mahali kifo cha babu wa mtoto kinauzwa kwa kilo. Na niwaambie lingine: si wageni wote walioomba maonyesho yale. Mama mmoja mtu mzima kati yao alishusha simu yake na kuuliza kama watoto wameshakula. Hakujibiwa. Aliyepanga mambo ni sisi.

Mimi nimekulia Rutamba, Lindi, enzi zile wakimbizi wa vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Wareno walipopewa mahali pa kuishi na kulima. Kule Nachingwea wapiganaji wao wakifunzwa, huku kwetu watoto wao wanakaa nasi kwenye benchi moja. Nilisoma na msichana aliyekuja bila mama. Mwalimu wetu hakumsimamisha hata siku moja mbele ya darasa aeleze. Alimpa zamu ya kufagia na zamu ya kuteka maji kama sisi sote, na akikosea hesabu anarudia kama sisi sote. Habari za mama yake alikuja kutusimulia mwenyewe, tukiwa tunachimba ming'oko, vile viazi vya porini, alipotaka, na alipochoka akaacha. Msumbiji ilipopata uhuru 1975 wengi walirudi kwao wakiwa wasichana na wavulana wanaojua kusoma. Hakuna aliyepigwa picha.

Wanangu walezi, sasa nasema nanyi peke yenu, kamati watusubiri kidogo. Nawajua. Wengi wenu mmemaliza kidato cha nne juzi, posho yenyewe ya kubahatisha, na nimewaona mkibeba watoto wawili kwa mpigo. Kazi mnayoifanya siku ambayo hakuna mgeni ndiyo dawa yenyewe. Mtoto aliyeona moto anataka kujua kitakachofuata: nikifika nitasalimiwa na mtu yule yule, nitanawa, uji ni saa tatu, baada ya uji tunacheza, baada ya kucheza hadithi, kisha mkeka, kisha mama. Kesho vile vile. Mkivuruga mpangilio huo kwa ajili ya gari la mgeni, mnamrudishia kile alichokikimbia: watu wazima wanaokimbizana na yeye hajui kwa nini.

Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, mtamwona mmoja kaingia chini ya meza. Msimcheke, wala msimvute. Mwite jina lake, kaa chini karibu naye, mwambie ile ni pikipiki. Akichora bunduki mchangani, mwache achore. Ukae hapo hapo, asibaki peke yake, na usimwite mtu aje kutazama. Asiyeongea wiki hadi wiki, anayekataa kula, anayeruka usingizini kila siku, huyo zungumzeni na mlezi wake wa nyumbani na mpelekeni kituo cha afya, na afisa ustawi wa jamii ajue. Huo si ukaidi wa kutibiwa kwa fimbo.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Mtoto akijibu kwa Kimakonde, Kimakuwa au Kimwani, pokeeni jibu, kisha mpeni na Kiswahili chake. Wa miaka mitatu asishikishwe kalamu kwa nguvu. Hesabu zifundishwe kwa vizibo na mbegu. Kikombe kimoja, mtoto mmoja. Anayekuja kumchukua mtoto awe anajulikana.

Wanakamati, rudini. Mwaka 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Inazungumzia afya, lishe, kujifunza, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Kumwanika mtoto mbele ya wageni sijakuona humo. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumdhalilisha mtoto; msisubiri polisi ndio waje kuwasomea.

Halafu tuseme ukweli kuhusu huo unga. Hiki ni kijiji cha korosho. Msimu wa mnada mnaona wenyewe pikipiki mpya, redio mpya, ngoma wiki nzima. Sichukii ngoma, mimi mwenyewe nimechezwa. Lakini kaya inayovuna magunia inashindwaje kutoa debe moja la mahindi na karanga kidogo kwa mwaka? Mmekaa mnasubiri mfadhili hata wa kununua chumvi! Na wakubwa wa juu nao wasijifiche nyuma ya mgongo wangu. Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, huku uji wa chekechea unapikwa kwa kuni za mikorosho na jicho la mpishi limekuwa jekundu. Wakija wao ndio huchelewa kupita wote, na hotuba zao ndizo ndefu.

Ninachotaka ni kidogo. Kaeni kikao kabla ya mwisho wa mwezi. Amueni kwamba hakuna mtoto atakayeitwa mbele kueleza ya vita, mgeni awe nani. Amueni kwamba hapigwi picha bila mama au mlezi wake kuulizwa, na akikataa, imetosha, asinuniwe. Amueni kwamba uji hausubiri mtu. Mgeni akikuta watoto wanakunywa, apewe kikombe naye anywe. Kila kaya iandikwe mchango wake. Na posho za walezi zilizolala kwa mweka hazina zitoke.

Muhtasari ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Siku ya gulio nitapita kuusoma, na miwani nitakuja nayo.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza