Mhariri, tumhesabie saa zake binti anayesomea nyumbani

Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia, ukurasa wako wa barua hujaa sisi wazazi. Tunasema vijana wa siku hizi hawajui kupanga muda, simu zimewamaliza, usingizi umewazidi. Na mimi nimeyasema hayo, tena mbele ya majirani na binti mwenyewe akisikia. Leo naandika kwa sababu nilimsingizia mwanangu, na najua siko peke yangu.

Mimi ni muuza ndizi katika Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mzigo wangu unatoka Uru na Kibosho, na nyumba yetu iko Pasua. Baba yao ni dereva wa fuso, wiki nyingi yuko njiani. Watoto ni watatu. Wa kwanza ni mvulana, yuko chuo Dodoma. Wa mwisho ni msichana wa darasa la 5. Katikati yupo huyu binti ninayeandika habari zake.

Julai mwaka jana matokeo yake ya PCB yalitoka: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S. Kwa wasioyajua mahesabu haya, C ni pointi 3, D ni pointi 2, na S ni nusu pointi. Anayetaka kusomea udaktari wa binadamu anatakiwa awe na angalau D tatu, yaani pointi 6, na hiyo ni ruhusa ya kuomba tu. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo mwenye D zake tatu anaweza kuomba akakosa. Binti yangu hakufika hata kwenye kuomba. Huyu ni mtoto ambaye tangu shule ya msingi tukipanda daladala na wanafunzi wa udaktari wa hospitali ya KCMC alikuwa akiyatazama makoti yao meupe waliyoyakunja mkononi mpaka washuke.

Akaomba arudie Fizikia na Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tukakubaliana. Atasomea nyumbani, na Alhamisi mchana ataenda kwenye kituo chenye maabara kufanya vitendo. Akachukua karatasi kubwa, akachora ratiba kwa kalamu za rangi nne, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Ilianza saa 11 alfajiri na kuishia saa 5 usiku. Ukiondoa kula na kuoga ilikuwa na saa 13 za kusoma kila siku, Jumapili ikiwemo. Niliisifia sana ratiba ile. Niliwaonyesha hata mashoga zangu wa kikoba.

Kufika Novemba mtoto alikuwa amekonda, na kwenye Fizikia alikuwa hajatoka mada ya pili. Nikamwambia ni mvivu. Nikamwambia kaka yake hakuwa hivi. Alininyamazia, halafu akasema taratibu tu: "Mama, leo umeniita mara ngapi?"

Nilimjibu vibaya. Sitayaandika hapa niliyomjibu. Usiku ule usingizi haukuja.

Asubuhi nilichukua daftari langu la madeni, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu mikungu inaposhushwa kwenye gari: vijiti vinne vimesimama, cha tano kinalala juu yao. Kila nilipomwita nikaweka kijiti. Nikiwa sokoni kila nilipompigia simu nikaweka kijiti. Mdogo wake alipomwita nami nikiwepo, kijiti. Nyumbani kwetu neno letu ni "njoo mara moja". Njoo mara moja unishikie hili. Njoo mara moja uangalie maharage. Kuna mtu anakuja kuchukua mkungu, mpe mara moja. Nitafutie chenji umletee bodaboda mara moja. Mjomba amefika, mwekee chai mara moja. Hizo mara moja zetu, Mhariri, Jumatatu zilikuwa 9. Jumatano 11. Jumamosi, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani tangu saa 8 mchana, zilikuwa 17.

Nikajitetea moyoni kwamba kila moja ni dakika mbili tu. Jumapili baada ya ibada nikamwomba anionyeshe daftari lake la Fizikia. Sijasoma Fizikia, niliishia kidato cha pili, lakini macho ninayo. Kulikuwa na mchoro wa waya umelala juu ya rula ndefu, wanauita daraja la mita, kwa ajili ya kupima ukinzani wa umeme. Ulikuwa umechorwa nusu. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechorwa tena nusu. Ukurasa wa tatu mchoro ulikamilika, hesabu zikaanza, zikakatika kwenye mstari wa nne katikati ya namba. Nikamuuliza mbona anarudia rudia. Akaniambia: "Nikirudi siwezi kuendelea pale nilipoacha, mama. Inabidi nilisome swali upya." Swali lile moja lilimchukua asubuhi nzima na hakulimaliza. Mimi nilikuwa nimechukua dakika mbili, nyingine mbili, nyingine mbili, na swali likaenda nazo.

Tukakaa chini tukazijumlisha saa alizosoma kweli wiki ile, zile za kukaa akatulia bila kuinuliwa. Kwa siku hazikufika saa 3. Ukutani zilikuwa 13.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi ya vijiti. Kaka yake alipokuwa anajiandaa na mtihani huo huo, likizo zote alikaa chumba hicho hicho. Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi ndiye niliyebisha hodi, tena kwa kidole kimoja, nikiwa na chai na viazi kwenye sinia. Nilimwambia huyu binti asipige kelele kaka anasoma. Vyombo vya kaka aliviosha nani? Vyombo, nguo, hata viatu? Sikuwahi kukaa nikasema mvulana ana haki na msichana hana. Ilikuwa imejipanga hivyo yenyewe na mimi nikapita juu yake kila siku kama kizingiti cha mlango. Nilipomlinganisha na kaka yake nilikuwa namlinganisha mtu aliyepewa saa na mtu aliyenyang'anywa.

Basi ile karatasi ya rangi nne tukaibandua. Tukapanga upya, na safari hii tulipanga wawili, mimi nikitumia akili yangu ya biashara. Sokoni hupangi kuuza mikungu 50 kwa sababu unaitamani 50. Unaangalia gari limeshusha mingapi. Tulikuwa mwishoni mwa Novemba na mtihani ni Mei, wiki 23. Wiki mbili tukazitoa kwa ajili ya Krismasi. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani tukaiacha ya kupitia tu na kupumzika. Zikabaki 20. Kwa siku saa 5, siku 6 kwa wiki, Jumapili hapana. Jumla saa 600. Akaigawa mwenyewe: 360 Fizikia, 240 Kemia, kwa sababu Fizikia ndiyo iliyomwangusha.

Hizo saa 5 zilikaa hivi. Saa 10 mpaka 12 alfajiri, nyumba ikiwa imelala na mimi najiandaa kwenda kupokea mzigo. Kisha anamwandaa mdogo wake, anafagia, anafanya za nyumbani. Saa 3 mpaka 5 na nusu asubuhi anarudi mezani, na simu yake inakuwa kwangu sokoni, kwenye mfuko wa aproni. Usiku nusu saa, bila daftari, anaandika kwenye karatasi tupu yote anayoyakumbuka ya siku ile, halafu ndipo anafungua kuona alichosahau. Alilala saa 3 na nusu. Majirani walisema atafeli, mtoto wa mtihani analalaje mapema hivyo. Mtu anayeamka saa 10 akalala saa 6 usiku anasoma na nini?

Jumamosi ilikuwa ya mtihani wa miaka iliyopita. Saa 2 kamili asubuhi anaanza, saa 5 kamili kalamu chini, hata kama sentensi haijaisha, maana karatasi ya nadharia ni saa 3. Mchana saa 2 za kusahihisha. Hapa ndipo alipojifunza kitu ambacho hata shuleni hakukishika. Dakika 180 kwa alama 100 ni chini ya dakika 2 kwa alama moja, kwa hiyo swali la alama 10 lina dakika zake 18, zikiisha unahama. Jumamosi ya kwanza swali moja lilimla saa nzima na dakika 10, mawili ya mwisho hakuyagusa kabisa. Kumbe hata mtihani ule wa kwanza uliompa S hakuwa hajui kitu. Alikuwa anakaa kwenye swali moja mpaka muda unakwisha. Kufika Februari alikuwa anageuza ukurasa bila kuitazama saa.

Kuhusu Krismasi nataka kusema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni jambo letu watu wa Kilimanjaro na ndilo linaloua ratiba nyingi. Desemba hapa tunaijua. Mabasi yanamwaga watu kutoka Dar es Salaam usiku na mchana, barabara za kupanda milimani zinafunga, kila boma lina mbuzi wake. Mwaka uliotangulia, akiwa shuleni bado, alienda kwa bibi yake Kibosho na begi la vitabu. Hakufungua hata kimoja. Alikaa siku 12 na hatia, hakusoma na wala hakufurahi. Kwenye ratiba mpya tukaandika sifuri, tangu Desemba 21 mpaka Januari 2. Akaenda bila kitabu. Akamenya ndizi za mtori na binamu zake, akalala na bibi yake, akacheka. Aliporudi Pasua, Januari 3 saa 10 alfajiri niliona taa yake inawaka kabla sijamwamsha. Ratiba isiyoijua Krismasi ya Uchagani si ya mtoto wa huku.

Na vituo vya twisheni navyo tuvitazame. Kipo kimoja kilitangaza saa 12 kwa siku wakati wa likizo, na wazazi tukafurahi tukalipa. Mtoto wa jirani alikuwa anarudi na alama ya dawati shavuni.

Kazi za nyumbani hazikupotea, mtu asidhani binti yangu alikaa kama mgeni. Zilihamishwa. Mdogo wake anaosha vyombo vya jioni, na vya asubuhi vinasubiri saa 5 na nusu. Mtu wa kuchukua mkungu anakuja sokoni au anakuja baada ya saa hiyo, na sijapoteza mteja hata mmoja. Baba yao akirudi safari anajiwekea chai. Alishangaa wiki ya kwanza, nikamwonyesha ukurasa wa vijiti. Aliukalia kimya muda mrefu, kisha akauliza sukari iko wapi.

Masika ilitusumbua. Machi na Aprili umeme ulikatika alfajiri mara kadhaa, tukanunua taa ya kuchaji. Aprili mimi niliugua malaria siku 5, akashika meza yangu sokoni, saa 25 zikaenda. Tulizifuta kwenye hesabu, hatukujaribu kuzilipa kwa kukesha. Mpaka mwisho zilifika saa 561. Aliziandika zote, kwenye daftari lake mwenyewe.

Amefanya mtihani Mei, matokeo hayajatoka. Nimeamua kuandika sasa kabla hayajatoka, kwa sababu yakiwa mazuri nitaonekana najigamba, na yakiwa mabaya sitapata nguvu ya kushika kalamu. Na wiki chache zijazo yakitoka, nyumba nyingi hapa Moshi na kwingine zitakuwa na mtoto anayesema anarudia. Wengine watakuwa mabinti. Ninaloomba kwa mzazi mwenzangu ni wiki moja tu ya vijiti kabla hujamwita mvivu. Tumia daftari lolote. Hesabu na za kwako mwenyewe.

Jana alikaa nje anachambua mchicha, mimi ndani nikahitaji mtu wa kunishikia ndoo. Neno likanifika mdomoni. Nikatoka nikamuuliza: "Mama, una nafasi?" Akasema anayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto watatu, muuza ndizi,
Soko la Mbuyuni, Moshi